Linatetemeka Tu!

"Fundi, gari linatetemeka." Basi, sentensi imeishia hapo. Linatetemeka lini? "Linatetemeka tu." Likiwa kwenye mwendo gani? "Aa, wewe liangalie, fundi ni wewe." Na fundi naye ana moyo wa huruma, hajui kusema hapana. Analizunguka mara mbili, anapiga tairi teke, anaguna. "Hizi ni shokapu." Zinabadilishwa zote nne, na gari linatoka gereji likitetemeka vilevile.

Nani aliyetuloga hata tukaona taabu kutazama mshale wa spidi? Jibu liko pale. Mtikisiko ukianza kwenye 80 au 90 kwa saa, ukakolea kuelekea 110, ukipunguza mwendo unatoweka wenyewe, hayo karibu kila mara ni matairi yamekosa balansi, yaani uzito wake haulingani pande zote. Ukiusikia mikononi kupitia usukani, anza na ya mbele. Usukani ukitulia halafu kiti ndicho kinachokukanda mgongo, nenda nyuma. Na kabla hujalipia balansi, chungulia upande wa ndani wa ringi: tope lililokaukia sehemu moja linatosha kuleta balaa lote hilo, na dawa yake ni maji na brashi.

Sisi lakini, tukisikia usukani unacheza, mbio kwenye alaimenti, ule unyooshaji wa mkao wa matairi. Alaimenti ikikosea, gari huvuta upande, usukani hukaa mshazari barabara ikiwa imenyooka, na tairi hulika ukingo mmoja. Kutetemeka hakumo kwenye orodha ya makosa yake, lakini alaimenti ndiyo inayosingiziwa kila siku.

Halafu kuna wapenda ringi za urembo. Tundu la katikati la ringi likiwa pana kuliko habu ya gari, kile kitovu cha chuma ringi inapofungwa, ringi inaninginia kwenye nati peke yake, nayo haikai katikati. Hapo fanya balansi mpaka mashine ichoke. Kinachotakiwa ni kiringi cha kuziba ile nafasi, kidogo tu, lakini nani atanunua kitu kisichoonekana kwa nje?

Na tairi iliyovimba! Hiyo haingoji mwendo kasi, hata kwenye 30 gari linatembea likichechemea. Simamisha gari, pitisha kiganja juu ya tairi taratibu. Ukikuta uvimbe, nyuzi za ndani zimeachana na tairi hiyo imekwisha. Haifanyiwi balansi, wala haihamishiwi nyuma "ili isumbue kidogo". Tena ukome kuitupia kwenye buti na kuiita spea.

Kuna mtikisiko unaokuja ukikanyaga breki tu. Ukiachia, kimya. Hapo ni diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki: unene wake haulingani, na tofauti ya sehemu mbili tatu za mia za milimita inatosha kutikisa usukani. Mara nyingi mwenye kosa ni yule kijana wa bunduki ya upepo anayekaza nati moja kwa nguvu zote kabla hajagusa nyingine. Nati hukazwa kwa kuruka, hii kisha ya upande wa pili, na umaliziaji ni spana ya kupimia nguvu. Gari dogo kwa kawaida ni kati ya Nm (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 120, kitabu cha gari kinasema. Wengine hufunga diski mpya juu ya habu yenye kutu. Diski inakaa upande, baada ya muda mtikisiko unarudi, lawama zote kwa muuza vipuri. Sugua kutu kwa brashi ya waya kwanza! Ila pedali ikidunda chini ya mguu siku umefunga breki ghafla kwenye utelezi, usiende kugombana na mtu: hiyo ni ABS, mfumo unaozuia matairi yasigande ukifunga breki, iko kazini.

Sasa njoo kwenye gari linalotetemeka limesimama. Hapa ndipo kila mpita njia anakuwa profesa. Mmoja anasema gia boksi, wa pili anasema mafuta machafu, wa tatu hajui lakini ameshafungua boneti. Jamani, kanyaga breki, acha gia kwenye D, sikiliza. Kisha peleka N. Likitulia kwenye N, shuku maunti za injini, yale makalio ya raba yanayoishikilia: raba imekatika, au ile ya maji ya ndani imevuja na kuacha weusi pembeni. Likiendelea kutetemeka, tena bila mpangilio, na bomba la moshi likikohoa puf, puf, injini inamisi, yaani kuna silinda haiunguzi petroli sawasawa.

Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usiifunike na stika. Ina maana petroli isiyoungua inamwagika kwenye bomba la moshi na kwenda kuunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi ambacho ukiambiwa bei yake utakaa chini. Punguza mwendo, usilikamue. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa kodi P0301, silinda namba 1 ndiyo inayomisi, ila fundi anayeisoma anatangaza, "Koili zote nne!", zile zinazozipa plagi umeme wa cheche. Za nini? Hamisha koili ya 1 uipeleke 3, futa kodi, washa. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa mtindo uleule. Ikikataa kuhama hata hapo, ndipo unafikiria nozeli inayonyunyizia petroli, halafu kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. P0300 ni silinda kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo tafuta kinachozihusu zote: presha ya petroli, au mpira wa hewa uliopasuka.

Kutetemeka ukikanyaga pedali ya mafuta tu, hasa mlimani, ni sivi jointi ya ndani, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi, upande wa gia boksi. Ile ya nje hulia ka-ka-ka ukikata kona, kwa kawaida baada ya raba yake kupasuka, grisi kuruka na mchanga kuingia.

Beringi ya tairi yenyewe huvuma, na dawa yetu ni kuongeza sauti ya redio. Kata kulia kidogo ukiwa kwenye mwendo: mvumo ukizidi, mara nyingi ni ya kushoto, maana ndiyo iliyobeba uzito. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mtu mmoja akanyage breki utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki ni boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikilia mguu wa tairi. Tatizo ni kumpata huyo wa kukanyaga breki, maana maprofesa wakisikia neno "jeki" wote wana dharura.