Mnara wa futi 117, kufuli moja

Kila picha za kaburi la Abraham Lincoln, rais wa Marekani, kule Springfield, Illinois, zinapoanza kuzunguka tena mitandaoni, maelezo ni yaleyale: urefu wa mnara, sanamu za askari, na ile pua ya sanamu yake ya shaba inayong'aa kwa kuguswa na wageni wanaotafuta bahati. Kisha inafuata picha ya jiwe jekundu lenye jina lake, na mtu anaandika kwamba Lincoln amelala humo. Hayumo. Jiwe lile la marumaru lina uzito wa tani 7 na ndani yake hamna kitu. Inaniuma kuona watu wakisifia kila kinachoonekana na kuruka sababu ya mwenyewe kutokuwemo, maana hiyo ndiyo habari yote ya kaburi hili.

Tuanze na mahali. Lincoln alipofariki tarehe 15 Aprili 1865, wakubwa wa mji walitaka azikwe katikati ya Springfield, na walikuwa wamekwisha kuanza kumjengea. Mjane wake, Mary, akakataa katakata. Mumewe alikuwa amemwambia anataka pahali patulivu, basi ama makaburi ya Oak Ridge nje ya mji, ama mwili unakwenda kwingine. Wengi walimsema vibaya kwa hilo. Mimi nasema alikuwa sahihi, na hapo sina la kuongeza.

Mashindano ya mchoro alishinda Larkin Mead, mchongaji wa Vermont aliyekuwa akifanya kazi Florence. Alichora kitako kipana cha mraba, ngazi za kupanda juu yake, na mnara wa ncha kali unaosimama katikati hadi futi 117, yaani karibu meta 36. Pembe nne zina makundi ya sanamu: askari wa miguu, wapanda farasi, wapiga mizinga na wanamaji. Ndani, chumba cha kumbukumbu upande wa kusini na chumba cha maziko upande wa kaskazini. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ukiutazama kwa mbali mchoro ule una heshima yake. Lakini Mead alikuwa mchongaji, na jengo lile lilifikiriwa kama sanamu: kutoka juu kwenda chini. Lilipozinduliwa tarehe 15 Oktoba 1874, rais Grant akiwepo, macho yote yalikuwa juu.

Sasa tazama chini. Jeneza la mbao lenye bitana ya madini ya risasi liliwekwa ndani ya sanduku la marumaru juu ya sakafu. Kifuniko cha sanduku hakikushikizwa kwa saruji, kilibandikwa kwa plasta ya jasi, ambayo mtu mwenye mtaimbo anaibandua bila jasho. Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli moja. Usiku hapakuwa na mlinzi. Hivyo ndivyo alivyohifadhiwa rais aliyeuawa kwa kupigwa risasi na mtu aliyemchukia.

Usiku wa tarehe 7 Novemba 1876, siku ya uchaguzi, wezi wakaja. Walikuwa wa genge la noti bandia la Chicago, na fundi wao wa kuchonga sahani za kuchapia noti, Benjamin Boyd, alikuwa amefungwa gereza la Joliet. Mpango ulikuwa kuuiba mwili na kudai Boyd aachiwe pamoja na dola 200,000. Walikata kufuli, wakainua kifuniko, na jeneza walikuwa wamekwisha kulivuta kidogo nje. Kilichomwokoa Lincoln ni kwamba mmoja wa wenzao alikuwa mpasha habari wa siri wa serikali. Hata hivyo bastola ya askari mmoja ililia kwa bahati mbaya, wezi wakatoroka, wakakamatwa Chicago siku chache baadaye. Adhabu: mwaka mmoja jela.

Kilichofuata kinaumiza zaidi. Kwa hofu, msimamizi wa kaburi alilificha jeneza kwenye ghorofa ya chini. Akajaribu kuchimba, maji yakachimbuka. Basi likaachwa pale chini ya rundo la mbao, na kwa miaka wageni wakawa wanapanda kutoa heshima mbele ya sanduku tupu. Mwaka 1887 ndipo alipowekwa kwenye kaburi la matofali chini ya sakafu, pamoja na Mary.

Yale maji yalikuwa onyo. Moyo wa mnara ule ni matofali yaliyovishwa granaiti, na uzito wake wote unashuka katikati ya kitako, huku kingo zikibeba sehemu ndogo tu. Udongo wenye unyevu ukibebeshwa mzigo usiolingana, unatitia kwa viwango tofauti: katikati kunashuka, kingo zinabaki, na viungo vya mawe vinafunguka. Mvua ikiingia kwenye viungo hivyo, baridi ya Illinois inaigandisha, barafu inatanuka na kuupanua ufa, na kila mwaka ufa unakua. Nyufa za namna hiyo hazitibiki kwa kupigwa lipu. Ndiyo maana mwaka 1900, miaka 26 tu tangu uzinduzi, jengo lilibomolewa likaanza kujengwa upya, na majeneza yote yakahamishiwa kaburi la muda pembeni.

Kazi ilipoisha mwaka 1901, Lincoln akarudishwa tena kwenye sanduku lilelile juu ya sakafu. Hapo mwanawe Robert akasema basi. Alikuwa ameona George Pullman, tajiri wa mabehewa, alivyozikwa Chicago mwaka 1897 ndani ya zege na chuma, akaagiza babake afanyiwe vivyo hivyo. Shimo likachimbwa futi 10 kwenda chini. Tarehe 26 Septemba 1901 bamba la madini ya risasi lililofunika uso lilikatwa kipande, watu 23 wakachungulia kuhakikisha ni yeye, kikafungwa. Jeneza likateremshwa ndani ya kizimba cha chuma, na zege likamwagwa likajaza kila upande. Hakuna jiwe wala sanamu katika jengo lile yenye thamani ya zege hilo, na halimo kwenye picha hata moja.

Jiwe jekundu lilikuja na ukarabati wa 1930 na 1931, likachukua nafasi ya lile sanduku la zamani. Kama alama, linafaa. Ukisimama mbele yake, yeye yuko meta 3 chini ya sakafu. Geuka nyuma: kwenye ukuta wa kusini wamelala Mary na wanawe watatu, Eddie, Willie na Tad. Tad ndiye aliyetangulia kuwekwa humo, Julai 1871, kabla hata ya babake.