Kobalti inaondoka ikiwa unga: kipande chetu cha kazi kinatujenga?

Malori yanayotoka Kolwezi, kusini mwa Kongo (DRC), na kupita Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hubeba hasa mizigo miwili. Kuna mabamba ya shaba, mukuba wetu, yaliyosafishwa hadi asilimia 99.99. Kuna pia magunia ya hidroksidi ya kobalti, unga ambao kobalti yenyewe ni kama theluthi tu. Shaba inaondoka kazi ikiwa karibu kwisha. Kobalti inaondoka kazi ndiyo kwanza inaanza. Itasafishwa zaidi China, kisha iingie kwenye betri.

Ndivyo dunia inavyogawana uzalishaji siku hizi: bidhaa moja hupita nchi kadhaa, kila nchi ikifanya kipande chake. Je, kipande chetu kinakuza viwanda vyetu au kinavidumaza?

Wanaosema kinavikuza wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1986 Gécamines, shirika la serikali, ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, matengenezo yakakosa fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika halikufikisha hata tani 30,000. Familia nyingi za Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, zinakumbuka miezi ya kukaa bila mshahara. Sheria ya madini ya 2002 ikafungulia mlango mitaji ya nje, na leo nchi hutoa zaidi ya tani milioni 2.5 kwa mwaka, ya pili duniani nyuma ya Chile.

Lakini Gécamines ile ile ilikuwa na karakana kuu za Panda, Likasi, na machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Fundi alijifunza kusubu chuma na kukereza vipuri humu humu Katanga. Leo shaba imeongezeka mara kadhaa, ila vipuri vingi vinaingia kwa kontena, na hata asidi ya kuchenjulia madini tumekuwa tukiinunua Zambia. Hapo ndipo roho inaponiuma: tani zimerudi, ufundi haukurudi nazo.

Wengi hudhani dawa ni betri. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kuzitengeneza pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapewa kituo cha utafiti wake. Hesabu ya mwaka 2021 ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, ilionyesha kwamba kiwanda cha malighafi ya betri cha tani 10,000 kingegharimu dola milioni 39 hapa, kama theluthi ya gharama ya Marekani. Inatia moyo. Ila malighafi hiyo inahitaji nikeli, ambayo hatuchimbi, na umeme usiokatika, na mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa jinsi wetu unavyokatika. Isitoshe, betri za chuma na fosfati, zinazoenea sana China, hazitumii kobalti hata chembe. Serikali iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje Februari 2025, bei ilipanda kweli, maana karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu. Lakini kila bei inapopanda, mtengeneza magari ya umeme hupata sababu mpya ya kuikwepa kobalti.

Mimi naitazama zaidi Penang, Malaysia. Intel ilifika huko mwaka 1972 kwa kazi ya kuunganisha tu, ngazi ya chini kabisa. Karakana ndogo za wenyeji zilianza kuitengenezea vifaa kampuni hiyo na nyingine zilizofuata, na baadhi zikakua hadi kuuza mashine nje.

Sisi tuna sheria ya 2017 inayowatengea Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, ila inauliza hisa ni za nani, haiulizi kifaa kimetengenezwa wapi. Tangu Oktoba 2025 kila kampuni inauza kobalti kwa mgawo iliopangiwa. Mgawo huo ungeweza kupimwa pia kwa pampu, chokaa na vyuma ambavyo kampuni imenunua kutoka karakana za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi.