Gemu Ikiisha, Tunamlilia Nani?

Gemu ya Red Dead Redemption 2 ilipotoka mwaka 2018, wachezaji walikaa na mhusika wake mkuu, Arthur Morgan, kwa saa 50 hivi, na wengine zaidi, kabla hajafa. Walimlisha, walimnyoa ndevu, walimchagulia kofia, walimpeleka kuvua samaki. Mapema katika hadithi anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa, anampiga, mkulima anamkoholea usoni, na kifua kikuu kinahama mwili. Kuanzia hapo unamwendesha mtu anayekufa. (Ambaye hajaicheza aniwie radhi, gemu ina miaka ya kutosha, na mada hii haizungumziki bila kutaja miisho.) Siku ya mwisho farasi wake anapigwa risasi. Maadui wako nyuma yake, lakini anapiga magoti, anamshika yule mnyama shingoni na kumshukuru. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wameimaliza sehemu ile macho yamewalowa. Aliyekaa pembeni akitazama huuliza: sasa unamlilia nani?

Wapenzi wa gemu hulichukulia swali hilo kama tusi, nami sioni kwa nini. Anayeuliza ana hoja. Mhusika hana moyo wala kumbukumbu. Ana maneno aliyoandikiwa, sauti ya mwigizaji, na kikosi kizima cha watu waliolipwa ili wewe uhuzunike dakika ile ile waliyoipanga. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu ukaribu wa aina hii walipochunguza redio na televisheni: mtazamaji anamchukulia mtangazaji kama rafiki, anajua tabasamu lake na mizaha yake, ilhali mwenyewe hana habari kama mtazamaji huyo yupo. Ni ukaribu wa upande mmoja. Na mtangazaji angalau ana nyumba anakolala. Arthur hana.

Shuku ya pili ni nzito kuliko hiyo. Inasema kwamba anayeumia sana gemu ikiisha ni yule asiyekuwa na watu, na kwamba marafiki wa kwenye skrini wanamzuia kutafuta wa kweli. Tamthilia ya Friends ilipomalizika mwaka 2004, watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwachunguza watazamaji wake. Walikuta kwamba aliyemhisi mhusika kuwa karibu zaidi ndiye aliyeumia zaidi, na upweke nao ulikuwa na mchango wake. Hata hivyo maumivu hayo yalikuwa madogo kuliko yale ya kuachana na mtu halisi. Kwa hiyo upweke haukanushiki, lakini kulia mwishoni mwa hadithi si dalili ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kumpenda mhusika hakumo.

Tena kuna jambo ambalo anayeshuku hulipita haraka mno. Utafiti wa Friends ulihusu watu waliokaa wakatazama. Mchezaji wa gemu hatazami tu. Aliyebonyeza kitufe cha kumpiga yule mkulima ni yeye, kwa kidole chake, na huenda alibonyeza huku akicheka kwa sababu bado hakujua kinachokuja. Filamu inaweza kukupa huruma, hata hasira. Kukutia hatia kwa jambo ulilolitenda mwenyewe ni kazi ambayo gemu inaiweza kuliko sanaa nyingine ninazozifahamu.

Nadhani The Walking Dead ya studio ya Telltale, ya mwaka 2012, ililielewa hili mapema. Unamcheza Lee Everett, mtu aliyekuwa akipelekwa gerezani dunia ilipoharibika, ambaye ghafla anajikuta akimlea msichana mdogo, Clementine. Kila ukisema jambo zito mbele yake, maandishi madogo yanatokea kwenye kona ya skrini: Clementine atalikumbuka hilo. Basi. Hakuna pointi wala zawadi. Ukidanganya, ameona. Ukimwibia mtu chakula, ameona. Baada ya saa chache unaanza kuchunga ulimi kama mzazi. Mwishoni Lee ameng'atwa na zombi, atageuka kuwa mmoja wao, na hana pa kwenda, na ni wewe unayeamua kama mtoto ampige risasi au amwache na aondoke. Ukishaamua, bado una nafasi ya kumwambia maneno machache, na saa inahesabu huku ukichagua la kusema. Anayemcheka mtu aliyelia pale nadhani hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu mkononi.

Kwa hiyo tunamlilia nani? Kwa maoni yangu tunalilia vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni mhusika. Cha pili ni kazi tuliyokuwa nayo juu yake. Kwa wiki kadhaa kulikuwa na mtu wa kumrudia jioni: wa kumtafutia dawa, kumpangia silaha, kumfikisha salama upande wa pili wa mlima. Majina ya watengenezaji yanapopita kwenye skrini, kazi imekwisha na hakuna aliyekukabidhi nyingine. Mazoea yana taabu, na nusu ya huzuni hii ni mazoea. Nalisema hilo bila kuidharau, maana hata huzuni tunazozikiri bila aibu zina mazoea mengi ndani yake.

Gemu nyingi huzidisha utupu huo kwa ubaridi wa ajabu. Ukimaliza vita vya mwisho zinakurudisha dakika chache kabla ya vita hivyo, ili ukitaka uzunguke kukusanya vilivyobaki. Wenzako wamesimama pale pale. Unamwendea yule uliyemwona akifa, au uliyemwoa, naye anakwambia sentensi ile ile aliyokuambia jana: kesho tutashinda. Unambonyeza tena, anairudia. Hapo ndipo unaona wazi kwamba humo ndani hamna mtu, na mwenye shaka anaweza kujipigia makofi. Lakini kinachouma ni kule kunyimwa kwaheri.

Wachezaji wa Baldur's Gate 3 walilalamikia jambo hilo hilo. Gemu ilitoka Agosti 2023, ikapendwa mno, ila wengi waliona mwisho umekatwa kama kwa panga: wenzao wa safari nzima walitawanyika kwa maneno machache. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo studio ya Larian iliongeza sehemu mpya, karamu inayofanyika miezi sita baada ya vita, ambapo wenzako wanakusanyika kambini na unazungumza na kila mmoja kuhusu alikofika. Haimbadilishi aliyeshinda wala haimfufui aliyekufa. Ni nafasi ya kuagana, na ilitosha kuwatuliza wengi.

Niliyoyasema mpaka hapa yanawapendelea wachezaji, kwa hiyo niseme na upande wao mbaya. Mapenzi haya yana uwezo wa kugeuka ukatili. The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, ilimuua Joel, mhusika ambaye watu walikuwa wamemcheza tangu mwaka 2013, tena mapema na kwa kipigo. Aliyemuua ni Abby. Laura Bailey, mwigizaji aliyempa Abby sauti, alitumiwa vitisho vya kuuawa. Mwanamke halisi akatishiwa maisha kwa kosa la mtu asiyekuwepo dhidi ya mwingine asiyekuwepo. Hapo kisingizio cha "tulimpenda mno Joel" hakina pa kusimama. Ukiuliza mapenzi ya mhusika yanaharibika wapi, jibu langu ni hapa: pale mpenzi anapodai kwamba hadithi haikuwa na haki ya kumuumiza.

Mass Effect 3 ya mwaka 2012 inakaa katikati. Wachezaji walikasirikia mwisho wake, wakaandamana mtandaoni, na wengine lugha yao ilikuwa chafu. Ila kampeni yao hiyo hiyo ilichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalosaidia watoto waliolazwa hospitali. BioWare, studio iliyoitengeneza, ilitoa mwisho uliorefushwa bila malipo Juni mwaka huo. Je, walikuwa sahihi kudai? Kwa sehemu. Walioomba kuelezwa wenzao waliishia wapi waliomba jambo la haki baada ya gemu tatu. Walioomba mwisho mwingine wa furaha walimtaka mwandishi awe mhudumu wa mezani.

Kisha wapo wanaokataa kumaliza kabisa, na hawa wananigusa zaidi. Baadhi ya wachezaji wa Red Dead Redemption 2 humwacha Arthur katika Sura ya 2, kabla ya lile deni, akiwinda na kulala kambini miaka nenda miaka rudi akiwa mzima. Hadithi haiwezi kusonga mpaka wao waisogeze. Undertale, gemu ya Toby Fox ya mwaka 2015, inalijua jambo hili na inalijibu kwa njia ya kinyume. Ukiufikia mwisho wake mwema kuliko yote kisha ukaifungua tena, mhusika mmoja, Flowey, anakusihi usianze upya: wote wana furaha sasa, waache waishi. Anayemlinda Arthur kwa kutomaliza na anayewalinda wale kwa kutorudia wanafanya jambo moja, na sidhani kuna haja ya kumtibu yeyote kati yao. Wote wawili wanajua kwamba mwisho upo.

Kinachonitia wasiwasi ni gemu zilizotengenezwa zisiwe na mwisho. Katika gemu kama Genshin Impact, iliyoanza mwaka 2020, mhusika mpya hutambulishwa kwa video yake, muziki wake na kisa chake cha kuliza, kisha anawekwa kwenye bahati nasibu kwa wiki chache. Ukimtaka, unavuta kura ya bahati; usipompata, unavuta tena, na mwenye haraka analipa. Kila siku kuna kazi ndogo ya kukuita urudi. Hapa hoja zote za mwenye shaka zinapata uzito ambao hazikuwa nao kwa Arthur. Huzuni ya Arthur inakuachia nafasi. Baada ya wiki mbili umeanza jambo jingine. Mhusika wa gemu isiyoisha hakuachii, kwa sababu mapato yanategemea usiondoke. Ajabu ni kwamba lawama nyingi humwangukia anayelia mwishoni, ambaye amemaliza, na si yule anayefungua gemu kila asubuhi kwa mwaka wa nne.

Wapo watakaonijibu kwamba gemu hizo huwapa watu marafiki wa kweli, na ni kweli. City of Heroes, gemu ya mtandaoni ya mashujaa, ilipofungwa tarehe 30 Novemba 2012, wachezaji walikusanyika Atlas Park, ndani ya gemu, wakishika mienge. Kila mmoja alikuwa na shujaa aliyembuni mwenyewe kuanzia jina hadi joho, na saa ya kuzima seva, yaani kompyuta zinazoiendesha gemu, ilipofika mashujaa wote walipotea kwa pamoja. Walikuwa wakiwalilia wahusika na watu kwa mpigo mmoja. Hawakukata tamaa: seva za mashabiki zilijitokeza hadharani mwaka 2019, na Januari 2024 kampuni ya NCsoft, mmiliki wa gemu, iliipa mojawapo ya seva hizo, Homecoming, leseni rasmi.

Bahati hiyo ni ya wachache. Kampuni ya Ubisoft ilipoizima The Crew, gemu ya mbio za magari, mwishoni mwa Machi 2024, walionunua gemu ile walibaki na kitu kisichowaka, na kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu zilizouzwa ziendelee kuchezeka, ikaanza. Kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja. Kampuni hujibu kwamba seva zina gharama, na hilo halina ubishi. Ila kampuni iliyouza gemu kwa kumfanya mtu ampende mhusika ina deni dogo siku ya kufunga: kumwachia mteja nakala inayoweza kufunguka bila seva, hata ikiwa imepunguzwa, ili lini aache kuicheza aamue yeye.