Wanachuo, polisi na lile geti la Camp Randall

Tarehe 30 Oktoba 1993, katika uwanja wa Camp Randall mjini Madison, jimbo la Wisconsin, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha jimbo hilo iliifunga Michigan 13 kwa 10. Wisconsin hawakuwa wameonja ushindi dhidi ya Michigan tangu 1981, kwa hiyo muda ulipokwisha wanachuo waliokaa juu walianza kushuka kwa kasi kuelekea uwanjani. Chini kulikuwa na uzio wa vyuma na mageti, na walinzi walikuwa na maagizo ya kuwazuia. Wakayashikilia mageti yakiwa yamefungwa. Wa juu hawakuliona hilo, wakaendelea kushuka. Wa mbele wakabanwa kwenye vyuma hadi pumzi zikawaishia, kisha vyuma vikapinda na watu wakaangukiana. Zaidi ya 70 waliumia, baadhi wakawa mahututi. Wachezaji wa Wisconsin wenyewe, wangali na pedi mabegani, wakarudi kuwachomoa mashabiki wao kwenye lundo lile. Hakuna aliyekufa, na hiyo ilikuwa bahati tupu.

Suala la wanachuo wa Marekani kuvamia viwanja likizuka, watu hugawanyika upesi: hawa wanataka polisi wakaze, wale wanataka vijana waachwe wafurahi. Geti la Camp Randall linazikera pande zote mbili. Umati ule ulikuwa wa hatari, hilo halina ubishi. Lakini kilichowakosesha watu pumzi ni chuma kilichowekwa pale kwa jina la usalama.

Mjadala huu uliwaka tena mwaka 2024. Januari 21, Caitlin Clark, nyota wa kikapu wa chuo kikuu cha Iowa, alikuwa anakimbia kutoka uwanjani baada ya timu yake kufungwa na Ohio State 100 kwa 92, akagongana na shabiki aliyekuwa anavamia uwanja akikimbia na simu mkononi. Wote wawili chini. Mwezi mmoja baadaye, Februari 24, chuo cha Wake Forest kiliifunga Duke kwenye kikapu 83 kwa 79, mashabiki wakavamia uwanja, na Kyle Filipowski wa Duke, jitu la zaidi ya mita mbili, akagongwa na kutolewa uwanjani akichechemea, ameshikiliwa na wenzake. Kocha wake, Jon Scheyer, akauliza jambo hili litapigwa marufuku lini. Jay Bilas, mchambuzi wa televisheni ambaye naye aliichezea Duke enzi zake, akaenda mbali zaidi: wakishaingia wasiachwe watoke, waandikiwe faini au wakamatwe wote.

Hoja ya wakali ina uzito, na mimi siidharau. Kiwanja cha kikapu hakifiki mita 30 kwa urefu, na viti vya wanachuo viko hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mchezaji aliyefungwa sasa hivi, jasho linamtoka na hasira imemjaa, anajikuta katikati ya watu wanaomzomea usoni. Akimsukuma mmoja, kesi ni yake. Hata mshindi hayuko salama: mwaka 2004 huko Tucson, Arizona, mchezaji wa kikapu wa sekondari aliangukiwa na mashabiki wa shule yake mwenyewe, waliokuja kumshangilia, akapata kiharusi na kupooza upande mmoja. Nani atamwambia huyo kwamba ni utamaduni tu?

Ila ushauri wa Bilas unanishinda. Kumkamata mtu mmoja kunahitaji askari wawili. Ukitaka kuwazuia elfu mbili wasitoke, utafunga milango. Na tukishafunga milango tumerudi Camp Randall.

Ligi ya SEC, yenye vyuo vikubwa vya kusini, ilichagua mfuko badala ya rungu. Kuanzia 2023 chuo ambacho mashabiki wake wamevamia uwanja kilitozwa faini: kosa la kwanza lilikuwa dola 100,000, la pili 250,000, la tatu 500,000, na fedha zinakwenda kwa chuo kilichotembelea. Oktoba 2024 Vanderbilt waliifunga Alabama 40 kwa 35. Wanachuo wakang'oa milingoti ya goli, wakaibeba mabegani katikati ya jiji la Nashville na kuitosa mto Cumberland. Faini ya kwanza. Januari 2025, kwenye kikapu, waliifunga Tennessee kisha Kentucky ndani ya wiki moja, na mara zote mbili wakaingia uwanjani. Ya pili na ya tatu. Faini ilipanda ngazi kwa ngazi na watoto wakapanda nayo. Sishangai: anayeruka ukuta si yeye anayelipa. Mtu wa miaka 19 aliyeona timu yake ikipigwa miaka yote hatasimama kwenye ngazi kupiga hesabu ya bajeti ya idara ya michezo.

Nje ya uwanja hadithi ni ileile, na ni Madison hiyohiyo inayoieleza vizuri. (Si mji mgeni kabisa kwetu: idara ya lugha za Kiafrika ya chuo chake ilianza 1964, na Kiswahili kinafundishwa pale.) Mei 3, 1969, vijana wa mtaa wa Mifflin waliamua kucheza muziki barabarani. Polisi wakaja kuwatawanya, mabomu ya machozi yakarushwa, vurugu zikadumu siku tatu. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Paul Soglin, diwani kijana wa eneo hilo. Mwaka 1973, akiwa na miaka 27, Soglin huyohuyo akachaguliwa kuwa meya, na pati ya Mifflin ikageuka desturi ya kila mwisho wa masomo.

Zikapita enzi za kulegeza na enzi za kukaza. Umri wa kunywa pombe Wisconsin ulishushwa hadi 18 mwaka 1972, kisha ukapandishwa hadi 21 mwaka 1986, baada ya serikali kuu kutishia kupunguza fedha za barabara kwa majimbo yatakayokataa. (Mpaka leo mtoto anaweza kunywa baa ya Wisconsin akiwa na mzazi wake, jimbo hilo na bia ni ndugu.) Kwa maoni yangu sheria hiyo haikuondoa ulevi wa wanachuo, iliuhamisha tu. Ukatoka baa, penye mhudumu anayeweza kusema wewe basi, ukaingia vibarazani na sebuleni, ambako hakuna wa kusema basi.

Mwaka 2011 mji ulijaribu upole: waandaaji wakapewa kibali, na aliyetimiza umri akaruhusiwa kutembea na bia yake barabarani. Watu wakafurika kwa maelfu na wawili wakachomwa visu. Meya aliyekuwa ameapishwa siku chache kabla ya pati hiyo ni nani? Soglin, safari hii mwenye miaka 66. Yule aliyekamatwa kwenye pati ya kwanza akatangaza kwamba pati hii ife. Mwaka uliofuata polisi walikaza, wakakamata na kuandikia faini mamia ya watu, na mwaka 2013 chuo kikaanzisha tamasha lake la muziki ili kuwavuta vijana kwingine. Pati haikufa. Wapo waliomwita Soglin mnafiki. Mimi naona alijua mambo ambayo kijana wa 1969 hakuyajua: mwaka ule hasira zilitokana na polisi kuja, mwaka 2011 damu ilimwagika polisi wakiwa wameruhusu kila kitu.

Somo la tatu la Madison ni la Halloween, sherehe ya mavazi ya kutisha ya mwisho wa Oktoba, kwenye State Street, mtaa unaounganisha chuo na jengo la serikali ya jimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila mwaka usiku ulimalizika kwa vioo kuvunjwa na dawa ya pilipili hewani. Mwaka 2006 mji ukauzungushia mtaa uzio, ukaweka jukwaa la muziki, ukauza tiketi kwa dola 5. Vurugu zikapoa. Wapo waliolalamika kwamba furaha ya bure imetiwa bei, na wana haki ya kulalamika, lakini usiku uleule uliokuwa unaisha kwa machozi ukawa unaisha kwa watu kurudi nyumbani. Uzio ulikuwepo, kama kule Camp Randall. Tofauti ni kwamba huu ulikuwa na njia za kutokea na saa ya kutokea, na kila mtu alizijua kabla hajaingia.

Wanaosema ukali haujawahi kumdhuru asiye na hatia wakumbuke Boston, usiku wa Oktoba 2004 timu ya besiboli ya huko, Red Sox, ilipowatoa Yankees kwenye mashindano. Mwanafunzi wa Emerson College, miaka 21, alikuwa katika umati nje ya uwanja wa Fenway. Risasi ya plastiki yenye unga wa pilipili, ambayo polisi waliihesabu kuwa silaha isiyoua, ilimpiga jichoni. Alikufa. Jiji liliilipa familia yake dola milioni 5.1. Tofauti na faini za SEC, hiyo haikuwa na ngazi ya kwanza wala ya pili.

Mwaka 2025 SEC walibadili tena kanuni. Sasa ni dola 500,000 kila mara, hata kosa likiwa la kwanza. Vichwa vya habari viliishia hapo, lakini kipengele kilichonivutia kiko chini yake: faini inaweza kufutwa kama timu ngeni na waamuzi wamepata muda wa kuondoka kabla ya mashabiki kuingia. Maana yake ligi imekubali, bila kulisema wazi, kwamba vijana wataingia, na kinachopiganiwa ni dakika moja au mbili. Dakika hizo zinapatikana kwa kamba, kwa mtangazaji mwenye sauti nzuri, na kwa askari wanaosindikiza wageni badala ya kukabiliana na wenyeji. Swali lililobaki ni nani atakayeshika saa, kwa sababu uamuzi wa kufuta faini umeachwa kwa kamishna wa ligi, na hakuna aliyewaambia wanachuo walioko safu ya juu wahesabu hadi ngapi.