Sharti la Mtu Mmoja, Mwanasesere Mmoja

Duka lenyewe liko Nyali, Mombasa, na jina lake sitalitaja kwa kuwa halikunikosea kitu. Katikati ya wiki lilibandika karatasi kwenye kioo cha mlango kusema kwamba wanasesere wa toleo maalumu, kila mmoja na cheti chake chenye nambari, wangeuzwa Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi kwa shilingi 9,500, na kwamba kila mtu angeuziwa mmoja tu. Mtu yeyote aliyepata kusoma hati za bandarini, kama nilivyozisoma mimi katika ukarani wangu wa kuondoa mizigo Kilindini, angetambua mara moja kwamba aliyeliandika sharti lile alikuwa amekwisha kuumwa na watu. Dada yangu mkubwa aliposimuliwa habari hiyo hakuona sharti lolote. Aliona tu kwamba anayetaka watano anahitaji vichwa vitano, na vichwa, kwa ukoo kama wetu, havijawahi kupungua.

Dada anauza leso Biashara Street, na hoja zake zote hutoka dukani kwake. Leso, husema, hainunuliwi kipande. Hutoka jozi, na inapoingia leso mpya karibu na Idi yenye jina la kumchoma jirani, wanawake huja wakachukua jozi tatu na nne wakazifungia kabatini, wala hakuna anayewaita wezi. Iweje basi mwanasesere awe na sheria yake? Yeye humtaka mmoja wa kufungua na kumtazama, mwingine wa kubaki ndani ya sanduku lake bila kuguswa, na wengine wa kubadilishana na mashoga zake wa Nairobi na Dubai ambao nao wana maradhi hayo hayo.

Historia ya vitu hivi anaijua kuliko historia ya ukoo wetu. Barbie alionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1959 katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini New York, akauzwa kwa dola 3, na wale wa mwanzo kabisa, wakipatikana leo ndani ya masanduku yao, hununuliwa kwa maelfu ya dola. Juu ya habari hiyo moja dada amejenga uchumi wake wote. Mimi humkumbusha kwamba wale wa 1959 wana thamani kwa sababu watoto waliwachezea: waliwakata nywele, waliwaogesha, waliwasahau mvuani, na waliosalia wazima wakawa wachache. Mwaka 1988 kampuni ya Mattel ilipotoa Barbie wa sikukuu mwenye gauni jekundu, akaisha upesi madukani na bei yake ikapanda, watu wakajiona wameelimika. Matoleo ya miaka iliyofuata wakayanunua kwa wingi na kuyaweka akiba, na leo walioweka wote wanauza, kila mmoja ana sanduku safi, na wa kununua haonekani. Kitu kilichofichwa na kila mtu hakiwi adimu. Dada hunisikiliza mpaka nimalize, kwa heshima zote, kisha huniuliza kama Jumamosi nina nafasi.

Jumamosi tukavuka daraja la Nyali ndani ya tuktuk moja, jambo ambalo sheria ya barabara ina maneno yake juu yake: dada, mimi, mavyaa wake, na mpwa wangu, ambaye ndiye kitinda mimba wa dada. Hamali mmoja wa Marikiti, anayembebea dada marobota ya leso, alitangulia kwa matatu akiwa na noti zake mfukoni. Njiani mpwa wangu, ambaye hakuna habari ya simu inayompita, alitueleza kwamba Mei 2025 kampuni ya Pop Mart ilisimamisha kuuza Labubu, wale wanasesere wake wa manyoya, katika maduka yake ya Uingereza kwa sababu wateja walikuwa wakigombana kwenye foleni, na kwamba mwezi uliofuata, mjini Beijing, mmoja wa kimo cha mtu aliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuan milioni moja. Mavyaa akauliza Labubu ni nani. Akaonyeshwa picha, akayatazama yale meno, akasema, "Astaghfirullahi," akarudisha simu kwa vidole viwili.

Zamu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Dada akanunua, mpwa wangu aliyekuwa nyuma yake akanunua, mimi nikanunua, na mavyaa akanunua. Lakini mavyaa ni mtu wa Mji wa Kale, na katika umri wake wote hajapata kulipia kitu bila kukishika. Kabla hatujamfikia alikuwa amekwisha kukata utepe kwa kucha, ameinua kifuniko, amemtoa mwanasesere na vile viwaya vilivyomfunga mikono, na pale pale mbele ya kaunta akampindua kichwa chini akaangalia ndani ya gauni.

"Huyu mwana mbona hakuvikwa kitu ndani?" akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia salio lake. "Shilingi alufu tisa na miatano, na hana hata suruali?"

Dada alifumba macho. Kiatu kimoja cha mwanasesere, chekundu, kisichofika ukubwa wa punje ya mbaazi, kilidondoka, kikaviringika chini ya rafu, na kuanzia dakika ile thamani yote aliyokuwa akiihesabu ikawa imekwenda nacho. Hata hivyo hakusema neno, kwa kuwa keshia alikuwa akitazama, na kwa keshia yule mwanasesere alikuwa wa mavyaa.

Ndipo dada aliponivuta kando akanikabidhi mfuko. Ndani yake mlikuwa na kanzu na kofia ya mumewe. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu mzima, nina watoto; akanikumbusha ni nani aliyenilea baada ya mamangu kufariki, na hoja hiyo haijapata kujibiwa katika nyumba yetu. Nikaenda kwenye tuktuk. Kubadilisha nguo ndani ya tuktuk ni kazi inayomtaka mtu asiye na viwiko, na shemeji yangu ni mfupi, kwa hiyo kanzu ikanikomea katikati ya miundi, soksi zangu za kazini zikionekana zote. Mwanasesere wangu wa kwanza nikamwacha juu ya kiti, nikamwambia dereva amtunze, nikarudi foleni kwa mwendo wa mtu aliyetoka kuswali.

Askari wa mlangoni alinisalimu, "Shikamoo, mzee," ilhali saa moja kabla alikuwa ameniambia, "Mambo, bosi." Nikatiwa moyo. Nikafika kaunta, nikachagua sanduku, nikalipa kwa M-Pesa. Na hapo, wasomaji wangu, teknolojia ikanigeuka. Ujumbe wa malipo uliingia kwenye simu ya duka ukiwa na jina langu, la babangu na la babu yangu, na binti yule akalisoma mara mbili, akafunua daftari lake, akalilinganisha.

"Bwana, jina hili limekwisha kununua."

"Huyo ni ndugu yangu," nikasema. "Pacha."

"Na mnaitwa jina moja?"

"Wazazi wetu walitarajia mtoto mmoja."

"Na simu pia ni moja?"

"Hali ya uchumi mwaiona wenyewe."

Meneja akaitwa. Alikuwa kijana mpole, mwenye tai, na upole wake ndio ulioniumiza. Akaniuliza huyo pacha wangu yuko wapi ili waje wote wawili wayamalize. Nikamjibu, na nilikuwa nikisema kweli tupu, kwamba yuko kwenye tuktuk, amevuliwa nguo. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikageuka kumtafuta dada aje anitetee, nikamwona hatua mbili tu kutoka nilipo, akisoma kwa makini maelezo yaliyo nyuma ya pakiti ya betri kama mtu anayesoma wosia wa babake. Mpaka leo nashikilia kwamba kama si mtandao kuwa na nguvu siku ile, mambo yangepita.

Meneja akaniahidi kwamba pesa zingerudishwa, akalichukua sanduku mikononi mwangu, akaliweka juu ya kaunta na kutangaza kwamba ndilo la mwisho. Aliyefuata nyuma yangu alikuwa hamali wetu. Dada akaiacha betri. Hamali akahesabu noti zake, akapewa sanduku na risiti, akageuka. Na nyuma yake alikuwa amesimama baba mmoja na binti yake wa miaka saba hivi, aliyevaa nguo za sikukuu, mkononi akiwa na pochi ya shanga ambayo bila shaka ilikuwa na pesa zake mwenyewe. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Baba, tumechelewa?"

Hamali akalitazama sanduku, akamtazama yule baba, wakanong'onezana, na noti zikahesabiwa tena. Kisha akamjia dada huku akitabasamu. "Mama, pesa zako hizi hapa, kamili. Nimemwuzia yule bwana kwa bei ile ile. Nipe ajira yangu ya asubuhi tu."

Sijapata kumwona dada yangu, ambaye kwa maneno amewashinda maaskari wa kaunti, akikosa la kusema. Angesema nini? Ili alalamike kwamba kaporwa, ilimbidi aseme mbele ya meneja kwamba sanduku lile lilikuwa lake, na kwamba hamali alisimama pale kwa niaba yake, na mavyaa vilevile, na yule pacha. Bandarini mzigo ni wa yule aliyeandikwa kwenye hati, na asiyeandikwa hata akilia hana mzigo. Wanaojadili kama ni halali mtu mmoja kununua wanasesere wengi huhesabu masanduku. Mimi naona wangewahesabu waliotumwa, maana kila anayesimama foleni badala yako anakuwa mwenye mali kwa muda wa kutosha kuamua mambo yake.

Mpwa wangu alikuwa ameamua yake mapema. Alipotoka tu dukani, bibi mmoja aliyekuwa mkiani mwa foleni alimpa shilingi 14,000, naye akamrudishia mamake 9,500 akidai kwamba cheti kilikuwa na kasoro, kwa hiyo amelirudisha sanduku dukani. Haya niliyajua baadaye. Alasiri, katika kundi la WhatsApp la wakusanyaji, kukatokea mwanasesere wa toleo lile lile kwa shilingi 20,000. Dada akalipa bila kupatana, na mtu wa bodaboda akamleta mpaka mlangoni. Dada akafungua karatasi, akaweka vyeti viwili sambamba, akapiga kigelegele.

"Tazameni bahati! Nambari zimefuatana!"

Zingekosaje kufuatana, ikiwa mwanawe alisimama nyuma yake? Nikamtazama mpwa wangu. Yeye alikuwa akiichunguza feni ya darini.

Baada ya magharibi kesi ilifika barazani, kwa kuwa Mji wa Kale haulali na habari. Maalim wa mtaa alieleza kwamba Mtume amesema hakuna anayehodhi ila mkosaji, lakini wanazuoni wamehitilafiana: sisi watu wa pwani tu Mashafii, na kwa Mashafii kuhodhi kunakoharamishwa ni kuhodhi chakula, ilhali Imamu Malik aliieneza hukumu kwa kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu. Dada, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akaishukuru madhehebu ya babu zake kwa sauti. Maalim akamwomba asiwe na haraka. Kuhodhi ni mlango mmoja, akasema, na kuvunja sharti ni mlango mwingine. Mwenye duka aliweka sharti katika mali yake, na Waislamu wamefungwa na masharti yao. Kisha akanitazama mimi na kanzu fupi, ambayo bado nilikuwa nimeivaa.

Mavyaa naye hakukubali kupitwa. Bibi Aisha, akasema, alikuwa na wanasesere wake na Mtume hakumkataza, kwa sababu walikuwa wa kuchezewa. "Lakini huyu wako wa kufungiwa kwenye kioo, hashikwi, hacheki na mtoto, atazamwa tu kutwa kucha, huyo si mwanasesere, huyo ni sanamu. Wangu mimi nimempa kitukuu, na nimemshonea suruali."

Hapo dada akakumbuka kwamba bado kuna mmoja, yule niliyemwacha kwenye tuktuk, na wote wakanigeukia. Sikuwa na nambari ya dereva. Tulikuwa tumekwisha kukata tamaa, isha imeadhiniwa, tuktuk ikaja ikasimama mbele ya baraza, na dereva akashuka amelibeba sanduku kwa mikono miwili. Alituambia kwamba alipata abiria wa Bamburi, kisha wa Mtwapa, akaona si vyema kumtupa mgeni, basi wamezunguka pamoja kutwa nzima. Dada akalipokea, akaligeuza kwenye taa, na sauti ikamtoka nyembamba. Ile plastiki ya mbele ilikuwa imekatwa vizuri, kwa kisu, pande zote nne.

"Nilimfungulia dirisha, mama," dereva akasema. "Jua la leo lilikuwa kali, naye ndani hamkuwa na hewa."

Kisha akatoa hesabu yake: kwenda Nyali, kungoja, na nauli ya abiria mmoja mdogo, Bamburi na Mtwapa, kwenda na kurudi. Dada alilipa yote, na risiti hakupewa.