Shangazi Mwenye Ndevu

Mimi ni mwanamume wa miaka 61, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenye ndevu za kutosha na goti bovu, na kila Jumamosi watu nisiowajua huniamkia gazetini: "Shangazi, shikamoo." Nami huitikia marahaba, kwa sababu mhariri aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba hakuna atakayemweleza mwalimu mstaafu wa Lamu habari za kuachwa na mchumba, lakini shangazi huelezwa hata yale asiyoyauliza. Hila hiyo si yake peke yake. Gazeti la Athenian Mercury la London, lililoanza kujibu maswali ya wasomaji mwaka 1691, lilijidai kuwa na jopo la wanazuoni, kumbe ni John Dunton na wenzake wachache. Na yule Beatrice Fairfax aliyewaliwaza wapenzi wa New York kuanzia mwaka 1898 aliitwa hasa Marie Manning. Huyo angalau alikuwa mwanamke.

Zamani barua zilikuja ndani ya bahasha, nyingine zikinukia udi, na moja ilikuwa na ua la asmini lililokauka likaacha doa la manjano juu ya neno "mpenzi". Siku hizi naletewa sauti za WhatsApp saa nane za usiku, dakika 11 za mtu anayelia huku upepo ukivuma, nami sharti nizigeuze kuwa maneno 80 ya kuchapwa. Tena wanaolia hawataki ushauri. Kijana ataniuliza kama amrudie msichana aliyemla fedha za mahari, na katika mstari wa mwisho atanieleza kwamba wamekwisha kurudiana tangu Jumanne. Mwingine aliandika kwamba anampenda binti mmoja kwa miaka minne, ila binti mwenyewe hajui kama yeye yupo. Niliwaza siku mbili, nikamshauri amsalimie. Alinijibu kwa hasira kwamba Shangazi ana pupa.

Nasikia wenzetu wa ng'ambo waliheshimiwa. Eppie Lederer wa Chicago, aliyeandika kwa jina la Ann Landers, alipoachana na mumewe mwaka 1975 baada ya ndoa ya miaka 36, aliwaeleza wasomaji wake, kisha akaomba sehemu ya safu iachwe tupu kwa ajili ya kuikumbuka ndoa hiyo. Magazeti yakaiacha. Nami niliomba nafasi tupu wiki niliyougua tumbo, nisiandike chochote. Mhariri aliijaza tangazo la dawa ya mende, likiwa chini ya jina langu, na barua tatu zikaja kumshukuru Shangazi kwa ushauri uliofaa kupita yote.

Hayo yote ningeyavumilia kama ningeishi mji mkubwa. Lakini huu ni Lamu, ambako punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni ni lazima mmoja arudi nyuma, na ukipiga chafya Mkomani utaombewa afya Langoni. Mwezi uliopita nilipokea barua ya mume aliyenuniwa na mkewe kwa kuwa fedha za mkufu wa dhahabu alizitumia kununua punda wa nne. Punda huyo, alieleza, ana sikio la kushoto lililopasuka. Niliinua macho. Sikio lenyewe lilikuwa dirishani kwangu, kwa maana punda huyo hulala mbele ya daka langu na huniamsha kabla ya adhana.

Nakiri kwamba sikujibu kwa uadilifu. Niliandika: "Muuze punda, mwanangu, ununue mkufu."

Jumamosi magazeti yalipovuka kutoka Mokowe tulikuwa barazani, kahawa ikimiminwa, na jirani yangu, ambaye miwani yake imevunjika, alinipa gazeti na kusema, "Mwalimu, hebu tusomee ya Shangazi." Nikasoma maneno yangu kwa sauti yangu, mbele ya wazee sita.

"Huyu bibi hajapata kuolewa," alisema jirani.

"Wala hajapata kufuga," aliongeza mzee wa kahawa.

Nilijaribu kusema kwamba huenda bibi huyo ana hekima yake, na kwamba punda wanne ni wengi kwa mtaa mmoja. Waligeuka wote kunitazama. "Mwalimu," akasema jirani kwa upole, "mambo ya wanawake yaache. Wewe tuandikie tu, una hati nzuri."

Basi tulikaa hadi magharibi, yeye akitamka nami nikiandika, barua ya kumlaani Shangazi. Nilimsahihishia ngeli mahali pawili. Alipofika kwenye "mwanamke asiye haya" nilimsihi tuseme "asiye na uzoefu", akakataa katakata, akanipa na shilingi 100 za stempu ili nisije nikachelewesha.

Barua hiyo imo mfukoni mwa kanzu yangu. Ni nzuri kuliko zote nilizopata mwaka huu, na mhariri anadai safu yake kabla ya Alhamisi. Nimeihesabu mara mbili: ina maneno 83, nayo hayaruhusiwi kuzidi 80, kwa hiyo "mwanamke asiye haya" nimeyafuta.