Mtama mbichi haujawa chakula

Hapa Majengo, Mombasa, kamati inayochangisha fedha kwa ajili ya wakimbizi wa kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, wengi wao kutoka Somalia, imegawanyika. Wengi wanataka kila shilingi inunue nafaka. Akina mama wawili waliomba fungu litengwe kwa ajili ya kusagisha, kuni na sodo za wasichana. Wakajibiwa: "Watu wafa njaa, nyinyi mwataja kuni?"

Hoja ya nafaka si ya kupuuzwa. Baa la njaa lilitangazwa Somalia Julai 2011, na hadi lilipopita lilikuwa limeua watu wapatao 260,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi walikufa kabla ya tangazo lenyewe. Anayekumbuka hayo ana haki ya kuhofia kila senti isiyokwenda kwenye gunia.

Lakini gunia hilo liangalieni vizuri. Likichanika juu ya lori pale Changamwe, humwaga punje za mtama, ndogo, ngumu, ambazo kuku ndio pekee wanaozifaidi jinsi zilivyo. Binadamu anataka unga. Mwenye mashine ya kusaga naye ataka chake, na kambini familia zimekuwa zikiuza sehemu ya mgao ili zilipie kusagisha. Kwa hiyo kilo tunazohesabu hapa sizo zinazofika chunguni. Halafu kuna dengu kavu, ambazo hukaa motoni saa nzima na bado zikagoma kuiva. Kuni hizo nani huzifuata? Mama, au binti yake.

Dadaab yenyewe ina funzo lake. Katika miaka ya 1990 wanawake wengi walibakwa vichakani wakitafuta kuni, na mwaka 1998 ukaanza mradi wa kuwagawia kuni kambini. Tathmini ya 2001 ilionyesha kwamba nyumba zilipokuwa na kuni za kutosha, ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua kwa takriban asilimia 45. Ila ubakaji katika mazingira mengine uliongezeka.

Wanaopinga huishika hiyo nusu ya pili: pesa zilitumika, uovu ukahama. Nimeitafakari takwimu hii mara nyingi, nami siwezi kuisoma hivyo. Mbakaji hakuondolewa na mzigo wa kuni, kweli, na kuni peke yake hazikutosha. Zilihitaji taa, choo chenye komeo ndani, na askari anayesikiliza mlalamikaji. Lakini haya yote ni sababu ya kuongeza ulinzi. Sioni yanavyotufikisha kwenye kumrudisha mama kichakani ili nafaka yetu ionekane nyingi kwenye picha.

Sodo nazo zilichekwa, na hilo liliniuma. Msichana asiye na kitambaa cha kujihifadhi haendi kupanga foleni ya mgao akiwa hedhini, na kama mama yake ni mgonjwa, siku hiyo nyumba nzima imekosa.

Kamati inakutana tena Ijumaa. Ningeomba kila gunia liandamane na pesa za kulisaga, na nyumba zinazoongozwa na wanawake zifikiriwe kwanza kwenye kuni. Kwa hesabu hiyo magunia yatapungua. Nakubali yapungue.